Nilivyopata kazi ya mauzo kwenye kampuni ya bima nikiwa sina uzoefu

Tangazo lilikuwa fupi: afisa mauzo, uzoefu si lazima, malipo ni posho ya mwezi pamoja na kamisheni. Wenzangu niliomaliza nao chuo waliliona na wakalipita. Mtaani kazi ya kuuza bima ina jina baya. Watu wanaona ni kazi ya kuganda ndugu na majirani mpaka waache kupokea simu zako. Mimi niliomba, nikaitwa, nikapata. Naandika haya kwa ajili ya anayejiandaa na usaili kama ule, maana nimeona vijana wengi wakikariri majibu ya maswali ambayo pale hayana uzito.

Shahada yangu ni ya sosholojia. Nilijua kabisa kwamba nitakaa benchi moja na watu wa IFM, chuo cha usimamizi wa fedha, waliosoma bima tangu mwaka wa kwanza, na kwa nadharia siwezi kushindana nao. Kwa hiyo sikukesha na vitabu. Nilikwenda Kariakoo.

Shangazi yangu ana duka la vitenge huko. Nilikuwa nakaa naye dukani, namsaidia kukunja, na wateja wakipungua nawauliza yeye na majirani zake habari za bima. Moto ulioteketeza soko kuu usiku wa tarehe 10 Julai 2021 hakuna aliyekuwa ameusahau. Kila mmoja alikuwa na jina la mtu aliyelala tajiri akaamka hana kitu. Nikamuuliza, "Sasa shangazi, wewe umekata bima?" Akasema, "Mwanangu, wale hawalipi hela mpaka uwe umeshazikwa." Hakuwa anatania. Aliwahi kumwona jirani yake akizungushwa kwa miezi na makaratasi, na hilo lilimtosha.

Baba mmoja mwenye duka la vyombo, mlango wa tatu kutoka kwa shangazi, alikuwa na bima. Benki ilimlazimisha akate alipochukua mkopo kwa dhamana ya mali ya dukani. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotafuta, akafungua mtoto wa meza wa fedha na kutoa bahasha ya kaki. Mkataba ulikuwa ndani, haujawahi kukunjuliwa vizuri, umeandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo. Akaniruhusu niusome palepale kaunta. Niliusoma mstari kwa mstari huku yeye akiuza sufuria, na kuna kifungu kimoja sikukielewa. Nikakipiga picha, nikamtumia binamu yangu anayefanya kazi kwa madalali wa bima. Alinipigia jioni.

Alinieleza hivi. Mfanyabiashara akiwa na mali ya milioni 40, lakini ili alipe ada ndogo akaikatia bima ya milioni 20, kampuni inahesabu kwamba nusu ya hatari amejibebea mwenyewe. Moto ukichoma mali ya milioni 10 tu, hapati milioni 10. Anapata nusu yake, milioni 5, na bado kuna kiasi kinachokatwa ambacho kwa mkataba mteja hubeba mwenyewe kwenye kila tukio. Watu wengi hudhani kwa kuwa hasara ni milioni 10 na bima ni ya milioni 20, basi wamefunikwa. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa madai unapozaliwa, na hapo ndipo maneno kama ya shangazi yanapopata nguvu.

Nilirudi kwa yule baba nikamweleza. Alikuwa ameandikisha mali pungufu sana ya aliyokuwa nayo, kwa sababu thamani iliandikwa siku ya mkopo na duka limekua tangu hapo. Alikaa kimya, kisha akasema kesho yake atawafuata benki. Kwangu mimi maandalizi ya usaili yalikamilika pale.

Mengine niliyapitia haraka. Nilijifunza kutenganisha bima ndogo ya gari, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo na inayofidia wale utakaowadhuru, na bima kubwa inayolipia hata gari lako. Nilisoma historia kidogo: Shirika la Bima la Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, Azimio la Arusha la 1967 lililoliachia soko zima, halafu sheria ya 1996 iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi. Nilijua pia kwamba msimamizi wa sekta ni TIRA, na kwamba mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wao akaona kama bima yake ipo hai. Hili la mwisho lilinisaidia kuliko nilivyotegemea.

Siku yenyewe nilipanda mwendokasi mapema kutoka Kimara. Kwanza kulikuwa na mtihani mfupi wa maandishi, hesabu tupu. Ada ya bima ndogo ya gari dogo binafsi ni shilingi 100,000 kabla ya VAT ya asilimia 18, mteja atoe kiasi gani? Ni 118,000, na ukiwa muuzaji inabidi itoke kichwani, maana mteja hatakusubiri utafute kikokotoo. Waliopita waliitwa mmoja mmoja.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mama wa rasilimali watu, meneja wa mauzo, na mzee mmoja wa idara ya madai ambaye muda mrefu hakusema kitu. Tulianza kwa Kiingereza. Jieleze, kwa nini hapa, unajiona wapi baadaye. Nilijibu kwa ufupi bila kuremba. Kisha meneja akauliza kwa nini Watanzania wengi hawakati bima. Najua jibu linalotolewa na wengi: elimu ndogo, watu hawaelewi. Mimi siliamini, nikawaambia hivyo. Mtanzania anaielewa bima vizuri sana. Msiba ukitokea, daftari linazunguka na kila nyumba inatoa. Kwenye kikoba kuna mfuko wa jamii wa kumwinua mwenzao aliyeuguliwa. Watu wanachangia leo ili kesho wachangiwe, na wanaamini kwa sababu wameona kwa macho yao fulani akichangiwa. Kampuni wanaona ikipokea tu. Anayelipwa hawamwoni, kwa sababu akilipwa hatangazi, na anayezungushwa anatangaza mtaa mzima. Mzee wa madai akainua macho.

Ni yeye aliyebadilisha lugha. Akavua miwani, akasema kwa Kiswahili, "Basi mimi nina duka la vipuri Kariakoo. Mali yangu ni ya milioni 40. Nataka bima ya moto, lakini ada yenu kubwa. Niandikie milioni 20. Haya, nikatie."

"Shikamoo mzee," nilianza, maana mteja wa rika lake huwezi kumwingia bila salamu.

"Marahaba. Andika basi, nina wateja."

"Nitaandika mzee. Niulize tu kidogo: hilo duka likishika moto leo, unadhani utaungua mzigo wote au upande mmoja?"

"Upande mmoja. Zimamoto watafika."

"Tuseme umeunguliwa mali ya milioni 10. Unategemea tukupe ngapi?"

"Si milioni 10? Nimekata ya 20."

Nikamwomba karatasi, nikachora mstari, nikaandika 40 upande mmoja na 20 upande mwingine, nikamwonyesha kwa nini atapokea 5, tena kabla ya makato. Nikamwambia, "Mzee, nikikuandikia hivi leo nitapata kamisheni yangu na wewe utafurahi kulipa kidogo. Siku ya moto utaniita mwizi, na utakuwa na haki. Kama ada ya milioni 40 ni nzito, tuulizie kama utaruhusiwa kulipa kwa awamu, au tuhesabu mali upya tuone kama kweli inafika 40. Ila pungufu ya thamani halisi, mimi sikushauri."

Aliendelea kunibana. Akasema kampuni nyingine imekubali kumwandikia 20. Nikamjibu kwamba hata sisi tutakubali akisisitiza, hela ni yake, lakini nitamwomba asaini kwamba nimemweleza. Hapo akavaa miwani yake, akaandika kitu.

Naamini kazi niliipatia kwenye karatasi ile. Kwenye korido nilikuwa nimewasikia wenzangu wakifanyishana mazoezi ya kumshawishi mteja mpaka aseme ndiyo. Mteja wa kuigiza ukimpata anasema ndiyo mapema, wewe unashangilia, na mtu wa madai anaona kesi ya kesho kutwa inaingia mlangoni. Yeye ndiye anayekaa na mteja aliyeunguliwa, anayejua maneno ya muuzaji yalivyokuwa matamu. Ukiingia kwenye usaili wa bima, au wa mikopo, au wa mifuko ya uwekezaji, kumbuka kuna mtu wa aina hiyo mezani, na mara nyingi ndiye aliyenyamaza.

Mama wa rasilimali watu aliniuliza nina ndugu na marafiki wangapi wa kuwauzia mwezi wa kwanza. Swali hili ni la kawaida kwenye kazi za mauzo ya fedha, na lina mtego. Ukitaja orodha ndefu ya ndugu, wanajua itaisha ndani ya miezi michache na wewe utaisha nayo. Nilitoa daftari langu la Kariakoo. Nilikuwa nimeandika maduka ya safu ile: biashara gani, wana mkopo benki au hawana, wanahofia nini, waliwahi kudai au la. Sikuwaahidi idadi ya mauzo. Niliwaambia ningeanzia pale, mlango kwa mlango, na ningerudi kwa wale wale kila wiki mpaka wanizoee.

Meneja akanirushia moja la haraka: mteja anasema kuna kijana anamuuzia bima ndogo kwa nusu bei. Nikasema ningemwomba namba ya gari lililokwisha "kukatiwa" na kijana huyo, tuitafute pamoja kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yake mwenyewe, ajionee kama ipo.

Waliponiuliza kama nina maswali, nilikuwa nayo, na nawaomba sana msione aibu hapa. Niliuliza posho inaendelea kwa muda gani kabla ya kubaki kamisheni peke yake. Niliuliza kamisheni inalipwa lini baada ya mteja kulipa, na kama mteja wa bima ya maisha akiacha kuchangia miezi ya mwanzo, niliyolipwa inarudishwa au la. Niliuliza nauli za kuzunguka ni za nani. Meneja alijibu yote bila kukunja uso: posho ni ya miezi 6, kamisheni hulipwa mwisho wa mwezi, na ndiyo, mchango ukikatika ndani ya mwaka wa kwanza sehemu hurudishwa. Nauli ni yangu. Nilifanya hesabu nikiwa njiani kurudi, nikaona naweza kuishi kwa shangazi huku nikijenga wateja.

Simu ilikuja wiki iliyofuata. Walitaka vyeti halisi, kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Hawakudai hata senti moja, na ukidaiwa hela ya fomu au ya mafunzo kabla ya kuanza kazi kama hii, ondoka. Mkataba niliomba nikausome nyumbani usiku mmoja, wakakubali. Kifungu cha kurudisha kamisheni kilikuwa kama meneja alivyosema. Nikasaini, na Jumatatu nikapangiwa eneo: Kariakoo na Gerezani.