Kiti mwendo Bagamoyo: uliza maji kwanza, chombo baadaye

Anayetaka kumpandisha mashuani mtu wa kiti mwendo pale Bagamoyo aanze na mwezi, bei baadaye. Ufuko wa pale umelala mno; maji yakipwa, chombo hukaa mbali na kati yenu hubaki mchanga wenye maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati uleule wageni wanapomaliza chai na kutaka kuondoka. Maji mafu ni kinyume: tarehe 8 na 9, au 22 na 23 za mwezi mwandamo, yanajaa kati ya saa nne na saa sita mchana, na hata yakipwa hayaendi mbali. Ng'oeni nanga saa moja na nusu kabla ya kujaa, mrudi saa moja na nusu baada ya kujaa. Mkichelewa, mgonjwa wenu atabebwa safari ndefu ndani ya maji.

Chukueni mashua. Ngalawa ni nyembamba, na mirengu yake, ile miti ya ubavuni ya kuizuia isipinduke, inawazuia wabebaji kusogea ubavuni.

Mchangani kiti kivutwe kinyumenyume, maana magurudumu madogo ya mbele huzama, na yakikwama ghafla mtu huchupa. Wa kuinua washike fremu na vishikio vya nyuma. Sehemu za kuwekea mikono na miguu huchomoka. Kubeba mgongoni ni haraka, ila kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo ni hatari. Kiti cha betri kibaki pwani: ni kizito, tena maji ya chumvi yataua umeme wake.

Chomboni asikae juu ya kiti, na asifungwe nacho hata kidogo. Chombo kikipinduka, kiti kitamzamisha. Avae jaketi la kuokolea, akae chini katikati, juu ya mto wake mwenyewe. Hapa wengi hukosea: mataruma, zile mbavu za chombo, ni magumu, na asiyehisi makalio hatalalamika. Kidonda huanza kimyakimya, na nguo mbichi huzidisha. Ajiinue au ainuliwe kidogo kila baada ya dakika 15 hadi 30. Choo hakuna, kwa hiyo mfuko wa mkojo umwagwe kabla ya kuondoka.

Mkirudi, kisuuzeni kiti kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kikauke, kisha beringi zipakwe grisi.