Eksirei za Angani na Mwelekeo wa Mtetemo Wake

Kwa zaidi ya miaka 40, kipimo cha uhakika cha polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi) ya eksirei za angani kilikuwa karibu kimoja tu, kile cha Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, kilichofanywa na setilaiti ya OSO-8. Setilaiti ya IXPE, ya Marekani na Italia, iliyorushwa Desemba 2021, imebadili hali hiyo, kwani mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi hufichua mpangilio wa uga wa sumaku na umbo la gesi inayozunguka mashimo meusi, hata pale ambapo picha haiwezekani. India ilifuata mwaka 2024 kwa setilaiti ya XPoSat, inayopima eksirei za nishati za juu zaidi. Kipimo hiki hudai fotoni (chembe za mwanga) nyingi mno, kiasi kwamba chanzo kimoja hutazamwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo naamini kwa dhati kwamba vioo vikubwa zaidi, vya kukusanya fotoni nyingi zaidi, ndivyo vinavyostahili kugharamiwa kwanza.