Mfuko wa Omena

Mama anayeniuzia omena pale soko la Kibuye, hapa Kisumu, alikuwa akinihurumia sana. Siku ya kwanza aliniuliza kwangu tuko wangapi, nikamjibu midomo ni kumi na mmoja. Akashika kiuno. "Woi, nyathina, mwanangu!" Akajaza gorogoro, lile kopo la kupimia, hadi ikafura juu, kisha akaniongezea konzi mbili za bure. Miezi mitano nilikula huruma hiyo bila kumsahihisha. Ukweli ulipomfikia aliniangalia kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. "Yaani muda wote huu nimekuwa nikiwaongezea guogi, mbwa?" Siku hizi anapima kwa kufuta na kiganja.

Omena ndiyo mshahara wa wanafunzi wangu. Wale samaki ni wadogo, wakavu, harufu yao inapita ukuta, na mbwa akimmeza mmoja anainua macho papo hapo kuuliza kama kuna mwingine. Biskuti za dukani ni ghali, tena mbwa anakaa chini kuzitafuna hadi anasahau somo lilikuwa nini. Mimi huchekecha mchanga, naziosha, nazikausha tena juu ya jiko, natia kwenye mfuko wa aproni. Kwenye matatu kiti cha pembeni yangu huwa kitupu hata saa za msongamano.

Kabla ya kufundisha mbwa nilikuwa nikiuza katika agroveti, duka la dawa na vifaa vya mifugo, miaka minne. Nimeuza nyororo za mbwa nisizoweza kuhesabu. Mteja anakuja, anataka ile nzito, kwa sababu mbwa akifungwa mchana kutwa usiku anatoka mkali. Nilikuwa namfungia kwenye gazeti, nampa risiti. Sasa napita kwenye maboma yale yale nikiomba nyororo itolewe, na mara mbili nimekutana na niliyoiuza mwenyewe.

Biashara yenyewe haina maajabu. Wenye nyumba za Milimani na Riat hunilipa niwafundishe mbwa wao, na pesa hiyo ndiyo inayonilipia asubuhi zangu kwenye makao madogo ya mbwa waliookotwa, upande wa Mamboleo. Nafika saa kumi na mbili, maana kufikia saa nne jua la Kisumu limeshawasha lami na hakuna mbwa wala binadamu anayetaka kujifunza. Situmii fimbo, kamba ya kunyonga wala makelele.

Bosco aliletwa huko na kidonda cha waya shingoni. Alijibanza nyuma ya tangi la maji, akakataa kutoka. Nilichukua ndoo, nikaipindua, nikakaia mbali kidogo nikimpa ubavu, kwa sababu kumkodolea macho mbwa mwenye hofu ni kama kumwita vitani. Nikarusha omena moja, nyingine, nikaondoka. Alikula nilipokwisha kwenda. Siku ya nne alikula nikiwapo, lakini macho yote kwenye mikono yangu, si usoni. Mikono ndiyo aliyoijua. Siku ya tisa alikuja akanusa kiatu changu cha kushoto, akakimbia kurudi kwenye tangi kana kwamba kiatu kimemwita jina.

Hapo ndipo nilianza kusema "Ber!" Ni neno fupi la Kijaluo, maana yake vizuri, na halifanani na chochote wanachofokewa nacho mitaani. Kila nikilisema, omena inafuata sekunde hiyo hiyo. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wakidondokwa mate kabla chakula hakijafika, kwa sababu tu wamejua nini hutangulia. Bosco naye alikuwa ameshajifunza kwa njia hiyo hiyo, ila masomo mabaya: mkono ukiinuka, maumivu yanafuata. Ilinichukua wiki sita kumpa somo jingine la mkono. Mwisho alikuwa anakaa, anakuja akiitwa, anavaa mkanda bila kutetemeka.

Alichanjwa kichaa cha mbwa (pale hatoki mbwa bila cheti) na mwalimu mmoja wa sekondari akampeleka kwake Riat. Tuktuk mbili zilitukataa. Wa tatu alitaka nauli ya watu wawili, nikalipa. Huyo mwalimu nilikuwa nimemfundisha kila kitu, hata watoto wake walijua kusema "Ber!"

Usiku wa tisa akanipigia simu. Bosco amemrukia soja wa lango, amechana suruali.

Swali langu la kwanza lilikuwa kama ngozi imechubuka. Ikichubuka hakuna mjadala: kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama mbwa ana cheti. Haikuwa imechubuka. Asubuhi nikapanda Riat nikiwa nimejaa maneno ya kumwambia huyo soja.

Nilimkuta mzee mpole, suruali imeshonwa kwa uzi mweusi. Akanieleza bila kuficha. Kila gari likija, lazima mbwa aingie kibandani kwanza, kwa hiyo alikuwa anagonga mabati kwa rungu kumfukuza. Siku za kwanza Bosco alinguruma. "Nikamchapa mara mbili, mwalimu, akashika adabu. Hakunguruma tena."

Maneno yangu yakaniishia. Kunguruma ndiko kulikuwa hodi yake. Alikuwa akisema naogopa, kaa mbali, na alipochapwa hofu haikwenda popote, ila aliacha kuitangaza. Wengi hupenda mbwa kimya. Mimi mbwa aliyenyamazishwa ndiye anayenitisha, hasa penye watoto.

Lakini mzee hakuwa na kosa. Nani alimwambia? Nilikuwa nimeingia kwenye lango lile mara tatu, nikampita na salamu tu, nikaenda kumfundisha mwenye nyumba anayelala usiku wote. Anayekesha na mbwa nilimwona kama sehemu ya geti. Nilimwomba radhi. Akasema, "Hakuna shida, mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye shida ipo.

Tukaanza upya sisi watatu. Rungu likalala kwenye kibanda cha soja. Honi ikilia, mzee anasema "Bosco, ndani," anarusha omena nne kibandani, anafunga, ndipo anafungua lango. Siku za mwanzo aliona aibu, akawa anaangalia kwanza kama soja wa jirani yuko. Wiki ya pili nilisimama ng'ambo ya barabara kutazama: gari lilipiga honi, na kabla mzee hajasema neno Bosco alikuwa tayari kibandani, mkia unapiga mabati.

Kitu kimoja tu. Mfuko niliohesabu utatosha wiki mbili uliisha siku ya tano. Nikamuuliza mzee kama Bosco anazimaliza zote. Akasema hapana, kuna paka wawili siku hizi wanamfuata hadi stendi. Akanyamaza kidogo, akaangalia ziwa kule chini.

"Na ni tamu," akasema, "ukiweka nyanya."