Damu Ilikokuwa Inakwenda

Nilikuwa na miaka 19 nilipoanza kuhesabu ngazi. Zilikuwa 14 mpaka darasani, na nikifika ya sita ilinibidi nisimame, nishike ukuta, nijifanye natafuta kitu mfukoni ili wenzangu wapite. Moyo ulidunda hadi masikioni. Mara tatu nilikwenda hospitali, mara tatu nikaambiwa damu imepungua, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Nilimeza vyote. Damu ikapanda kidogo, vidonge vikiisha ikashuka tena. Mara ya tatu ilikuwa gramu 6.8 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi.

Bibi ndiye aliyelitaja jina kabla ya mtu yeyote. Alinishika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga, akasema, "Mjukuu wangu, hii ni safura." Nilikasirika. Safura kwangu lilikuwa neno la wazee, la watu waliovimba uso na kula udongo. Na mimi nilikuwa nakula udongo, usiku, kwa siri. Sikujua kuwa hamu ile yaweza kuwa dalili ya mwili ulioishiwa madini ya chuma. Laiti mtu angeniambia, nisingeibeba kama aibu.

Safari ya nne nilimkuta mama mmoja wa maabara. Hakukimbilia sindano. Alivuta kope langu la chini, akatazama, akauliza kama nimewahi kuona damu kwenye mkojo, maana kichocho nacho hupoteza damu. Hapana. Homa? Malaria hupasua chembe nyekundu za damu. Hapana. "Na choo, umewahi kupimwa?"

"Sijawahi, mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi tumekuwa tukikuongezea damu bila kujua inakokwenda."

Kesho yake nikapeleka kikopo. Baadaye akaniita nichungulie kwenye hadubini. Nilitarajia mnyoo, nikaona yai. Lilikuwa la duara refu, ganda lake jembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, na ndani yake vidonge vinne vya kijivu vimebanana. Akasogeza kioo kidogo, likaja la pili, kisha la tatu.

Alinieleza polepole, na nafurahi hakuwa na haraka. Viluwiluwi vya mnyoo huyu, mnyoo wa safura, hupenya ngozi ya mguu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hukomaa kwenye utumbo mwembamba, wakang'ata ukuta wake na kunyonya. Nyuma ya fomu akanipigia hesabu. Mnyoo mmoja wa aina ya Ancylostoma duodenale aweza kunyonya hadi moja ya tano ya mililita ya damu kwa siku. Wakiwa 100, ni mililita 20 kila siku, na katika damu ya mtu mwenye afya hizo hubeba karibu miligramu 10 za chuma. Hata kama sehemu yake hufyonzwa tena utumboni, chakula kwa kawaida huupa mwili miligramu moja au mbili tu kwa siku. Aina nyingine ya mnyoo wa safura, Necator americanus, hunyonya damu kidogo kuliko huyo, lakini mayai yao hufanana, kwa hiyo hakuniambia wangu ni wa aina ipi.

Hapo ndipo nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma, mimi na mdogo wangu tulilima bustani siku za mvua, miguu mitupu. Katikati ya vidole vilinitoka vipele vyekundu, nikajikuna usiku mbili tatu, vikapona, nikasahau.

Nilipewa albendazoli, miligramu 400, kidonge kimoja, na vile vile vidonge vya chuma nilivyovizoea, safari hii viendelee miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ijae. Niliondoka nikiwa na hasira. Kikopo kimoja cha choo! Ningekipeleka mara ya kwanza, kama mtu angeniuliza.

Wiki iliyofuata nilimleta mdogo wangu. Alikuwa mnene, anacheka, anapanda ngazi mbili mbili, na njia nzima alinilalamikia kuwa yeye haumwi. Mama wa maabara alipokea kikopo chake, akainama kwenye hadubini, akakaa kimya kwa muda. Kisha akanipungia mkono bila kuinua kichwa.

"Njoo utazame."