Jinsi nilivyoizunguka rejeta ya hita iliyokuwa ikivuja

Dalili za kuvuja kwa rejeta ya hita, yaani rejeta ndogo inayopasha joto ndani ya gari, zilianza kwa harufu tamutamu, kisha kioo cha mbele kikawa kinapata ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, na zulia la upande wa abiria likalowa huku kulanti (maji ya kupozea injini) ikipungua. Kukaza klipu za mipira ya kulanti hakukusaidia, wala dawa ya kuziba uvujaji; dawa hiyo siipendekezi, kwa kuwa inaweza kuziba hata vijia vya rejeta kubwa.

Kilichofaa ni kuiondoa rejeta ya hita kwenye mzunguko wa kulanti. Injini ilipopoa kabisa, nilikinga kulanti kwa beseni, nikachomoa mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, kisha nikaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, ili maji yaendelee kuzunguka kama injini nyingi zinavyohitaji.

Ugumu ulikuwa kwenye kiungio. Mpira mmoja ulikuwa wa milimita 16 na mwingine wa 19, kwa hiyo kiungio cha kipenyo kimoja kilivuja mara tu presha ilipopanda. Nilitumia cha shaba chenye ncha mbili tofauti na ukingo ulioinuka, nikakaza kila klipu nyuma ya ukingo huo, wala si juu yake. Baada ya hapo nilijaza kulanti na kutoa hewa yote, maana hewa iliyonaswa huchemsha injini.

Hadi rejeta mpya ifungwe, gari halina joto la kuondoa ukungu kiooni, hivyo siliendeshi kwenye baridi kali.