Meza ya Mitambo ya Baba

Baba alipokubali kuhama Morogoro na kuja kukaa nasi Chang'ombe, mwaka 2013, hakudai chumba kikubwa wala godoro jipya. Alidai mahali pa kuweka mitambo yake. Ndivyo alivyoiita siku zote, mitambo: pleya ya santuri, amplifaya ya Sansui, spika mbili za kitambaa cha kahawia, na maboksi ya santuri ambayo marehemu mama aliyaita mke mwenza.

Sebuleni tulikuwa na kabati la tivi la bodi, lililokwisha kubonyea katikati. Tukapanga kila kitu juu yake, pleya katikati, spika huku na huku. Kwa sauti ya chini mambo yalikwenda vizuri. Baba alipoipandisha hadi pale alipozoea, ukazuka mvumo usiokuwemo kwenye wimbo, vuuu, ukawa unakua wenyewe mpaka akakimbilia kunyanyua sindano. Sindano ya pleya haichagui. Chochote kinachotikisika chini yake inakisoma kama muziki. Spika ilikuwa inatikisa bodi, bodi inatikisa sindano, amplifaya inaukuza mtikisiko ule na kuurudisha kwenye spika, na mambo yanaanza upya.

"Hili ni la kuwekea maua ya plastiki," baba akasema.

Kutoka kwetu hadi Keko ni mwendo wa miguu, na aliyewahi kununua kitanda Dar es Salaam anaijua Keko, sofa na makabati yamepangwa mpaka ukingoni mwa barabara. Tukampata fundi wa rika la baba, mtu wa Tabora. Akatufungulia albamu ya picha: shoo kesi za vioo, taa za rangi, na matundu ya spika kila upande. Baba akaipitia albamu yote kwa adabu, kisha akatoa bahasha ya kaki aliyokuwa amechora nyuma yake. Hakukuwa na kioo, hakukuwa na mlango, hata mgongo haukuwapo.

Alikuwa amefikiria kila kitu. Santuri kubwa ina kipenyo cha sentimita 30 na jalada lake linazidi kidogo, kwa hiyo vyumba vya chini viwe na kimo cha sentimita 35. Tena viwe vinne vyembamba, si viwili vipana, maana santuri zikipata nafasi ya kuegama hupinda. Amplifaya iachiwe kiganja kizima juu yake ili joto lipate pa kutokea. Na meza ifike kiunoni, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeshakataa kuinama.

"Na spika, mzee mwenzangu?"

"Spika hazimo."

"Meza ya muziki isiyo na spika? Watu si wataniuliza nimesahau nini?"

Wakabishana mpaka baba akamwalika nyumbani. Fundi alikuja jioni, maranda bado yamemng'ang'ania kwenye nywele. Baba akaweka santuri, akapandisha sauti kidogo, akamshika mkono na kukilaza kiganja chake juu ya kabati. Fundi akatulia. Akausogeza mkono taratibu kutoka pembeni hadi katikati, pale palipobonyea, akaurudisha. "Linacheza," akasema. Akachuchumaa, akagusa sakafu ya saruji, akauacha mkono hapo kwa muda. "Huku kumetulia." Alipoinuka alikuwa ameshaamua: spika zitakaa chini, kila moja na kigoda chake, na vigoda atavitengeneza kwa vipande vitakavyobaki. Hakutudai senti kwa hilo.

Mbao ikawa mninga. Bei nilipotajiwa nilikohoa, nikaulizia paini ya Sao Hill. Baba alinitazama tu. Fundi akanieleza kwa upole kwamba mninga ukishakauka hautembei, haujikunji wala kujinyonga masika yakiingia. Akavuta ubao mmoja uliokuwa na alama ya nyundo ya watu wa misitu kichwani, akaufumbia jicho moja na kuuchungulia kwa urefu kuona kama umenyooka. Nikatoa advansi.

Kumbe yeye mwenyewe alikuwa na kiu ya kazi ya namna hiyo. Wateja wengi, alisema, wanataka leo kwa leo, basi unapiga misumari, unaziba vichwa vyake kwa gundi na unga wa mbao, unapaka vanishi. Meza ya baba hakuipiga msumari hata mmoja. Alichimba matundu kwenye miguu kwa patasi, akachonga ndimi kwenye mbao za kukingama, na kila ulimi aliujaribu kwanza. Ukiingia kwa kusukuma na kidole aliukataa. Alitaka uingie kwa kugongwa na nyundo ya mbao, kidogo kidogo, huku akisikiliza mlio ukibadilika.

Mimi nilipewa msasa, namba 80, halafu 120, halafu 240. Vumbi la mninga linachokonoa pua, nilipiga chafya mpaka vijana wa banda la jirani wakawa wananijibu kwa chafya za uongo. Lakini rangi ile ya kahawia yenye michirizi myekundu ikianza kujitokeza, unasahau pua.

Baba alihamia pale bandani na kahawa yake. Yeye alikuwa shabiki damu wa bendi ya Morogoro Jazz, wa zama za mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, na fundi alikuwa shabiki wa Tabora Jazz, basi randa ilisimama kila mara mmoja alipotaja gitaa.

"Tabora Jazz nyinyi mlikuwa mnaisikia redioni," fundi alimwambia. "Sisi tulikuwa tunaicheza."

Meza ililetwa kwa guta, imefungwa mablanketi. Baba akaweka pima maji juu ya pleya na povu likakimbilia upande mmoja. Sakafu yetu imeinamishwa kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke. Fundi hakusema neno, akaipindua meza na kupunguza miguu miwili kwa msumeno mdogo, akaisimamisha, akapunguza tena, mpaka povu likakaa katikati.

Baba akamwambia achague santuri. Akapiga magoti mbele ya vile vyumba vinne, akapekua na kupekua, akaibuka na kisahani cha Tabora Jazz cha inchi 7. Baba akapandisha sauti hadi pale alipozoea. Mvumo haukuja. Fundi akalaza kiganja juu ya meza, kisha juu ya kigoda cha spika, akatikisa kichwa akicheka peke yake.

Visahani vile vya mizunguko 45 havikuwa na nafasi ya wimbo mrefu, kwa hiyo ulikatwa katikati na kumaliziwa upande wa pili. Magitaa yalipokolea, sauti ikafifia. Wakati huohuo mwenye guta akapiga hodi akidai hela ya kusubirishwa.

"Ingia ukae, kijana," fundi akamwambia, huku baba anageuza. "Bado upande wa pili."