Na nani, mwalimu?

Jumanne bado haijanitoka. Barua ya kunithibitisha kazini imefika, mdogo wangu ameposwa hatimaye, lile jokofu letu lililokuwa likikoroma limekata roho, lakini mimi nimeganda kwenye maneno matatu ya binti wa mstari wa mbele.

Darasani tulikuwa Oktoba 1962, mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Kuba. Tarehe 26 Khrushchev, kiongozi wa Sovieti, anamwandikia Rais Kennedy wa Marekani barua laini: ahidini hamtaivamia Kuba, nasi silaha zetu hazitakuwa na sababu ya kukaa huko. Kesho yake inakuja nyingine, kavu, tena inasomwa redioni: ondoeni na makombora yenu yaliyoko Uturuki. Nikaeleza Kennedy alivyoijibu ile ya kwanza, huku ndugu yake Robert akimnong'oneza Dobrynin, balozi wa Sovieti, kwamba ya Uturuki nayo yataondoka. Nilisimulia vizuri, najua. Ndipo yule binti akauliza: "Ungekuwa wewe, mwalimu, ungejibu ipi?"

Bila kupepesa: "Hilo lingehitaji mashauriano zaidi."

"Na nani, mwalimu?"

Hakuwa na ubishi. Alishika kalamu, anasubiri jina aliandike. Waliocheka ni wengine.

Nimelirudia nikioga, nikiwa kwenye foleni, katikati ya mazungumzo ya mahari. Na nani, kweli? Miaka 22 ya udiplomasia, kila sentensi yangu ilipita meza nne kabla ya kutoka, na ilitoka imenyolewa. Nilikuwa bingwa wa kufunga noti ya kidiplomasia, yaani barua rasmi ya serikali kwa serikali, kwa kumhakikishia mtu "heshima ya juu kabisa" baada ya kurasa mbili za kumkaripia. Jana usiku nikisahihisha insha nikashtuka: nimekata "nadhani" saba kwenye ukurasa mmoja, kama rasimu ya telegramu. Mama watoto akachungulia wino ule mwekundu. "Amekukosea nini huyu?"

Nikazirudisha zote, moja moja.

Leo nimeingia darasani, hata majina sijaita, nikasema: ya pili. Ningejibu ya pili, maana dunia nzima ilishaisikia, na ukijifanya kiziwi huwezi kujua umemwacha mwenzako mikononi mwa nani huko kwake. Wakanirukia! Mmoja akasema ningewauza Waturuki mchana kweupe. Binti akatikisa kichwa: "Ukijibu ya pili, mwalimu, kesho inakuja ya tatu." Sikuwa na jibu. Na hakuna simu iliyolia kuuliza nani aliidhinisha msimamo ule. Nimetoka shati limelowa, nacheka peke yangu kwenye ngazi kama mtu aliyetoka uwanjani.

Mama hapokei simu tangu jana jioni. Huwa anaisahau chini ya mto, ndiyo, lakini si mpaka saa hizi.